Ghuba ya Kāneʻohe: kilichoipata fitoplanktoni bomba la majitaka lilipohamishwa

Desemba 1977 mtambo wa majitaka wa mji wa Kāneʻohe, kisiwani Oʻahu, Hawaii, uliacha kumwaga maji yake ndani ya ghuba. Katikati ya mwaka uliofuata, bomba la kituo cha kijeshi cha Marekani kilichopo rasi ya Mokapu nalo likafungwa. Maji ya mitambo yote miwili yakaelekezwa kwenye bomba jipya linalotokea bahari kuu, upande wa pili wa rasi, kwenye kina cha karibu mita 30. Wanasayansi wa taasisi ya bahari iliyoko Moku o Loʻe, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba hiyohiyo, walikuwa wameanza kupima kabla ya bomba kufungwa, na wakaendelea kupima baadaye. Timu iliyoongozwa na Stephen V. Smith ilichapisha matokeo mwaka 1981. Ni nadra sana kwa mji wa pwani kupimwa pande zote mbili za tukio la namna hii. Kwa kawaida wapimaji huitwa maji yakishageuka kijani, na hapo hakuna tena cha kulinganisha nacho.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi moja: majitaka yaliondolewa, ghuba ikapona. Kwa fitoplanktoni, mimea midogo inayoelea majini na ambayo jicho tupu halioni, sentensi hiyo iko karibu na ukweli. Kwa chini ya bahari haiko hivyo hata kidogo.

Hodhi lenye mlango mwembamba

Ghuba ina urefu wa karibu kilomita 13 na upana wa kilomita 4 hivi. Mwamba wa matumbawe umeikinga upande wa bahari, na kuna milango miwili tu ya maji ya kina: mmoja kaskazini, mwingine karibu na kusini. Sehemu ya kusini ndiyo yenye tatizo. Imebanwa na rasi ya Mokapu upande mmoja, nchi kavu upande mwingine, na Moku o Loʻe mdomoni. Mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba husukuma maji mapya katika sehemu ya kati na ya kaskazini, ila kusini hayafiki kwa nguvu. Maji kujaa na kupwa kwa kawaida hakupiti mita moja. Kwa hiyo maji yaliyoingia kusini hukaa humo kwa wiki, si kwa siku.

Kabla ya majitaka ghuba ilikuwa imekwishachokozwa. Kati ya 1939 na 1941 ilichimbwa kupisha meli na ndege za jeshi, na zaidi ya mita za ujazo milioni 11 za matumbawe na tope ziliondolewa. Majitaka ya jeshi yalianza kuingia miaka ya 1950, na mtambo wa mji ukafunguliwa 1963. Mei 1965 mafuriko ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliua matumbawe ya kina kifupi upande wa kusini. Anayetaka kumtwisha bomba kila kosa la ghuba hii anapaswa kuyakumbuka hayo.

Maji maangavu yenye mbolea

Mwaka 1977 kiasi cha majitaka kilifikia karibu mita za ujazo 20,000 kwa siku, na karibu yote yalimwagwa kusini. Hayakuwa majitaka ghafi. Yalikuwa yamepita hatua ya pili ya usafishaji, na hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo wahandisi.

Hatua ya kwanza hutuamisha vitu vizito. Hatua ya pili huwapa bakteria hewa ili wale uchafu wa kaboni uliobaki. Ikifanya kazi vizuri, mahitaji ya oksijeni ya maji hayo hushuka kutoka miligramu 200 hivi kwa lita hadi 20 au 30. Lakini bakteria hao hawana haja na nitrojeni yote wala fosforasi yote iliyomo. Huchukua sehemu tu, kwa ajili ya kujenga miili yao, na sehemu kubwa hutoka nje ikiwa amonia na nitrati (nitrojeni) na fosfati (fosforasi). Klorini inayotiwa mwishoni huua vimelea, nayo haiondoi virutubisho hivyo. Kinachotoka bombani ni maji maangavu, yasiyonuka sana, yanayofaulu kipimo cha bakteria, na ndani yake mna mbolea iliyoyeyuka tayari kutumiwa. Majitaka ghafi huhitaji kwanza kuoza ndipo yaachie nitrojeni yake; haya yaliyosafishwa nusu yameshafanyiwa kazi hiyo.

Tufanye hesabu ya karatasi, kwa tarakimu za kawaida za mitambo ya aina hii na si vipimo vya Kāneʻohe yenyewe. Tuseme kila lita ina miligramu 20 za nitrojeni. Mita za ujazo 20,000 kwa siku zitabeba kilo 400 za nitrojeni. Fitoplanktoni hujenga mwili wake kwa takriban kilo 5.7 za kaboni kwa kila kilo ya nitrojeni, kwa hiyo kilo 400 zinatosha kujenga karibu kilo 2,270 za kaboni hai kila siku. Ikiwa kila kilo 50 za kaboni zina kilo moja ya klorofili, rangi ya kijani inayotumika kupimia wingi wa fitoplanktoni, hiyo ni kilo 45 za klorofili. Zitie kwenye hodhi lenye kilomita za mraba 8 na kina cha wastani cha mita 10, yaani mita za ujazo milioni 80, utapata ongezeko la takriban miligramu 0.56 kwa mita ya ujazo kwa siku. Halionekani kubwa. Lakini maji yakikaa siku 10 kabla ya kutoka, limbikizo linaelekea miligramu 5 na zaidi, wakati bahari ya wazi kuzunguka Hawaii ina chini ya miligramu 0.1. Walaji na kuzama chini hupunguza sana kiasi hicho. Nitrojeni iliyoliwa nayo hurudi majini kama amonia na kutumika tena, kwa hiyo makato si makubwa kama mtu anavyodhani.

Sasa badilisha tarakimu moja tu: maji yakae siku moja. Bomba ni lilelile na mbolea ni ileile, lakini seli zinazogawanyika mara moja au mbili kwa siku zinasombwa nje kabla hazijaongezeka vya kutosha. Ndiyo maana bomba la bahari kuu halikuhitaji kuondoa hata gramu moja ya nitrojeni ili lifanye kazi. Lilihamisha mbolea ileile mahali ambapo maji huichanganya na kuichukua upesi kuliko seli zinavyoweza kuila. Kuiita kazi hiyo usafishaji ni kutumia neno vibaya. Ni uhamishaji, na katika kisa hiki ulitosha.

Kwa nini kipimo cha nitrati kilidanganya

Kabla ya 1977 sehemu ya kusini ilikuwa na klorofili mara kadhaa ya ile ya kaskazini, na maji yake yalikuwa na ukungu wa kijani. Mtu angetarajia nitrati na amonia ziwe juu vilevile. Haikuwa hivyo. Ukiacha eneo dogo la mdomo wa bomba, nitrojeni iliyoyeyuka ilikuwa kidogo tu, kwa sababu fitoplanktoni iliimeza karibu yote punde ilipoingia. Nitrojeni ilikuwa imeshageuka seli.

Huu ni mtego unaoendelea kunasa watu. Ripoti inasema virutubisho viko chini ya kiwango, mji unapumua, na wakati huohuo maji yako kijani. Kinachoeleza hali ya ghuba ni kiasi kinachoingia kwa siku, pamoja na kile kilichokwisha kuingia kwenye viumbe. Mabaki yaliyoyeyuka hayaelezi mengi.

Fosfati ndiyo iliyobaki majini zaidi. Fitoplanktoni hutumia chembe 16 hivi za nitrojeni kwa kila chembe moja ya fosforasi. Majitaka ya zama hizo, yenye sabuni za fosfati, yalikuwa na uwiano ulio chini sana ya huo. Nitrojeni inakwisha kwanza, fosforasi inabaki bila mwenzake. Ghuba ilikuwa na kiu ya nitrojeni, kwa hiyo kuondoa fosfati peke yake mtambo ukiachwa pale pale kungekuwa na faida ndogo kwa gharama kubwa. Katika maziwa mengi ya maji baridi shauri huwa kinyume, na mafundi waliozoea maziwa huja pwani na dawa ya fosfati mkononi.

Nani aliyenenepa

Seli zilizoongezeka hazikubaki zinaelea tu. Juu ya miamba ya kusini matumbawe yalikuwa yamepisha wanyama wachujaji: sponji, chaza, minyoo waishio ndani ya mirija, na wengine wanaoishi ndani ya mashimo ya mwamba. Wote hula kinachoelea, na fitoplanktoni ilikuwa karamu yao. Baadhi yao hutoboa chokaa ili wapate makazi, kwa hiyo mwamba ulikuwa ukiliwa kutoka ndani. Majitaka hayakuhitaji kuwa sumu kwa matumbawe. Ilitosha kwamba yaliilisha fitoplanktoni, nayo ikapunguza mwanga unaofika chini na kuwalisha washindani wa matumbawe.

Mnyororo huo ndio unaoipa fitoplanktoni nafasi ya katikati katika kisa hiki, na ndio sababu kupima matumbawe peke yake kungechelewesha jibu kwa miaka.

Saa mbili zenye kasi tofauti

Bomba lilipofungwa, saa ya kwanza ilikimbia. Katika miezi michache klorofili ya kusini ilishuka sana, maji yakawa maangavu zaidi, na wanyama wachujaji wakaanza kufa kwa njaa kwa wingi. Seli ya fitoplanktoni huishi siku chache. Haina akiba ya kuivusha. Mbolea ikikatwa, wingi wake hufuata mara moja.

Hata hivyo haikushuka hadi kiwango cha bahari ya wazi. Miaka yote ya majitaka, seli zilizokufa na kinyesi cha walaji vilizama na kujenga akiba ya nitrojeni kwenye mashapo. Bomba lilipokoma, mashapo hayo yakaendelea kuachia amonia taratibu, na wanyama waliokuwa wakifa kwa njaa nao walioza na kurudisha sehemu ya nitrojeni yao. Mito na maji ya ardhini vilichangia vilevile, kwani ghuba haikuwahi kuwa na bomba tu.

Saa ya pili ilikuwa ya mwani mkubwa. Dictyosphaeria cavernosa, mwani wa kijani wenye mapovu magumu, ulikuwa umefunika matumbawe mengi, hasa sehemu ya kati ya ghuba. Kufikia 1983 ulikuwa umepungua hadi takriban robo ya kiasi cha 1970, na matumbawe yakaongezeka. Makala za ushindi ziliandikwa wakati huo. Upimaji wa 1990 ukaonyesha kwamba kupungua kumesimama. Sababu ilieleweka polepole: mwani huo hufanya kuba juu ya mwamba, na maji yaliyonaswa chini ya kuba yana nitrojeni zaidi ya maji ya juu. Unakunywa kutoka chini. Isitoshe, samaki wa kuula, akina pono na kangaja, walikuwa wamevuliwa mno. Hakukuwa na majitaka wala hakukuwa na mlaji, na mwani ukabaki miaka 28.

Uliondoka 2006, kwa sababu ambayo hakuna mpango wa mazingira ulioiandika: mvua ya takriban siku 40, kuanzia Februari hadi mapema Aprili, ilichafua maji, mwanga ukapungua, na mwani ukafa karibu wote. Haukurudi kwa kiasi kile tena.

Mvua hizo zilifundisha jambo jingine kuhusu fitoplanktoni yenyewe. Siku za kawaida sasa ghuba inatawaliwa na seli ndogo mno, chini ya maikromita 2, zikiwemo sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) za jenasi Synechococcus. Mafuriko yakiingia, maji ya mto huleta nitrati nyingi kuliko fosfati. Kiu inageuka: kwa siku chache fosforasi ndiyo inayokosekana. Diatomi kubwa, yaani fitoplanktoni zenye ganda la silika, kama Chaetoceros na Skeletonema, hushamiri ghafla, hufikia kilele siku chache baada ya mvua, kisha huliwa au huzama. Kwa hiyo anayepima ghuba hii siku moja kwa mwezi anaweza kukosa matukio yote makubwa ya mwaka na bado akawa na jedwali zuri.

Ukitaka kupima kwako

Weka vituo kwa mstari unaoanzia mdomo wa bomba hadi maji ya bahari kuu, visipungue vitano, na kimoja kiwe mahali pasipofikiwa na majitaka. Anza angalau mwaka mmoja kabla ya bomba kubadilishwa. Usipopata kaskazi na kusi kabla ya tukio, utakuja kuyabebesha majitaka mabadiliko ya msimu.

Chota kwa chupa inayofungwa chini ya maji, si kwa ndoo ya juu tu: majitaka ni maji baridi na hukaa juu ya maji ya chumvi kama tandiko jembamba, hivyo ndoo itakupa tandiko na kuacha ghuba. Chota juu, nusu mita chini ya uso, na tena karibu na chini.

Kwa klorofili, chuja mililita 100 hadi 250 kama maji ni ya kijani, hadi lita moja kama ni safi, kwenye karatasi ya nyuzi za kioo yenye vitundu vya maikromita 0.7. Mvuto wa pampu usizidi milimita 150 za zebaki. Ukizidi, seli laini hupasuka na klorofili hupita na maji. Fanya kivulini. Kunja karatasi, ifunge kwa karatasi ya alumini, igandishe. Maabara, iloweke kwenye mililita 10 za asetoni ya asilimia 90 kwa saa 24 gizani na kwenye baridi, kisha pima kwa fluorometa, kifaa kinachopima mwanga unaotolewa na klorofili, kabla na baada ya kutia matone ya asidi. Bila hatua ya asidi utahesabu klorofili iliyokufa kama hai, na karibu na bomba kosa hilo si dogo.

Amonia ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote. Mkono uliotoka kushika samaki, moshi wa sigara, chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba la mji, vyote huongeza amonia. Osha chupa kwa asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, suuza mara tatu kwa maji ya sampuli, chuja papo hapo, gandisha siku ileile.

Kwa kuhesabu aina, tia mililita 1 ya mmumunyo wa Lugol (iodini ya kuhifadhi seli) kwa kila mililita 100, weka kwenye chupa ya kahawia, acha seli zituame saa 24 kabla ya kutazama. Lakini usijidanganye: hadubini ya kawaida itakuonyesha diatomi na jamaa zake wakubwa tu. Zile seli za chini ya maikromita 2 zinahitaji hadubini ya mwanga wa fluoresensi. Tafiti zinazodai kwamba majitaka yaliongeza diatomi wakati mwingine zimeona tu kile ambacho kifaa chao kingeweza kuona.

Pwani yetu na Kāneʻohe

Tofauti ya kwanza ni bamvua. Mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako majitaka yamekuwa yakimwagwa kandokando ya ufukwe bila kusafishwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua. Maji yanabadilishwa kwa kasi ambayo Kāneʻohe haijawahi kuiona, na hiyo ndiyo kinga kubwa. Wakati wa maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, kinga hiyo inalegea, kwa hiyo wiki ya maji mafu, hasa upepo ukiwa shwari, ndiyo wiki ya kuchota sampuli. Mtafiti anayechota siku za bamvua kwa sababu ni rahisi kufika kwenye miamba atapata bahari safi kila mara.

Hori ni jambo jingine. Katika hori la Tudor, Mombasa, ambako majitaka kutoka Mikindani hupita kwenye mikoko, maji hutoka na kupwa na mengi hurudi na kujaa. Kipimo cha kupanda na kushuka kinaonyesha mita kadhaa, ilhali maji ya juu ya hori ni yaleyale ya jana. Hapo hesabu yetu ya siku 10 inafaa zaidi kuliko hesabu ya Mji Mkongwe. Mikoko hunasa sehemu ya nitrojeni kwenye tope, na tope hilo ni akiba kama ile ya Kāneʻohe: likichimbwa au mikoko ikikatwa, deni hulipwa kwa mkupuo.

Kuna uzi mwingine unaounganisha sehemu hizi. Miaka ya 1970 Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii alipanda mwani wa Eucheuma na Kappaphycus kwenye mwamba wa Moku o Loʻe kwa majaribio ya kilimo. Chuoni hapohapo Keto Mshigeni alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974, na baadaye akawa mtetezi mkubwa wa kilimo cha mwani Tanzania. Mwani uleule ambao akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wameuza tangu 1989, Kāneʻohe unang'olewa kama gugu linalofunika matumbawe. Ukulima na ugugu hapa hutegemea nani anavuna, samaki gani wapo, na mbolea kiasi gani imebaki kwenye mashapo. Mkulima wa Paje anayelalamika kwamba kamba zake zimevamiwa na mwani mwembamba unaozingira mche, aanze kwa kuuliza maji ya visima vya vyoo vya hoteli zilizo nyuma yake yanatokea wapi maji yakipwa.